Waranti Iliyompandisha Bwana Harusi Kwenye Lori

Kuna watu Mbweni ambao mpaka leo wakiniona wanaangalia kwanza nyuma yangu kama kuna lori linakuja, na siwalaumu, kwa sababu nilichokifanya siku ya ndoa ya mdogo wangu nilikifanya mchana kweupe, mbele ya sheikh, wapiga dufu na ukoo mzima wa upande wa pili. Sijitetei. Nataka tu kukieleza kwa mpangilio, maana huko kwetu Temeke wanavyokisimulia wameshaongeza mbuzi, na mbuzi hakuwepo.

Ilianzia yadi ya magari. Nilikuwa nanunua gari langu la kwanza, dogo la familia, limetumika Japani mpaka wenyewe wakalichoka, na wakati nasaini, dada wa mezani akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayekuuliza kama utaongeza chumvi, kama ningependa waranti ya nyongeza. Likiharibika wanatengeneza wao. Likizimika njiani wanatuma lori, linalibeba pamoja na abiria wake mpaka wanakokwenda (hapo ndipo waliponipata). Sharti ni moja tu: fundi wa nje asiliguse. Akiligusa, waranti imekufa.

Mke wangu, Mama Nasra, akanivuta pembeni.

"Baba Nasra, hela hiyo tuiweke. Likiharibika tutatengenezea, lisipoharibika ni yetu."

"Na ikifa injini?"

"Umeisikiliza. Inakohoa?"

"Haikohoi."

"Haya."

Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, kwa hiyo nikalipa. Na hapa kuna jambo ambalo pale yadi hawakwambii: ukishalipia ugonjwa, unaanza kuusubiri. Miezi ikapita, gari zima kama kengele. Nikawa naendesha redio nimeizima ili nisikilize. Jirani yangu alipoharibikiwa giaboksi nilikwenda kumpa pole, lakini moyoni (niseme ukweli) nilimwonea wivu.

Basi mdogo wangu Idrisa akapata mchumba Mbweni, Rukia, binti wa familia ya Kiarabu yenye maduka tangu enzi za babu zao, watu wazuri wote, ila mjomba wake, Mzee Nassor, hakuwa na imani na sie tangu siku ya posa. Ndoa ilishaahirishwa mara moja kwa upande wetu, tulipata msiba, na mzee akasema safari hii sheikh ana ndoa nyingine baada ya yetu, tukichelewa anaondoka, na yeye kama mjomba haoni sababu ya kupanga siku ya tatu. Kisha akaniangalia mie.

"Na usafiri mnao?"

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia bwana harusi atakuja na gari langu.

Siku ikafika. Kina mama wakatangulia na basi la Kosta, mke wangu akiwemo, mie nikafuata na Idrisa, kavaa joho na kilemba, na Shangazi Zuhura kiti cha nyuma, gari limefungwa maua na riboni mpaka kwenye vioo. Tulipofika Buguruni shangazi akapiga ukelele: udi tumeusahau nyumbani. Nikachepuka pembeni, mabasi yananipigia honi, nikavuta handbreki, nikazima, shangazi akashuka, akanunua udi, akarudi. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Hata kukohoa halikukohoa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilishtuka. Nilifurahi.

Sasa Buguruni gari halizimiki peke yake. Kabla sijafunga mlango walishafika mafundi, huyu na spana, yule na betri begani.

"Braza, fungua boneti."

"Asanteni, lina waranti."

"Lina nini?"

"Waranti. Haliguswi."

"Sasa iambie hiyo waranti ije iliwashe."

Nikasimama mbele ya boneti nimetanua mikono kama golikipa. Watu wakazidi. Mama mmoja muuza matunda akauliza mwenye harusi ni nani, wakamwonyesha Idrisa ndani ya gari, akasema, "Yule? Mbona huyu wa kwenye boneti ndiye aliyemkumbatia bibi harusi?"

Idrisa akatoa kichwa na kilemba chake dirishani. "Kaka, nakuomba, tupande bajaji. Sheikh ataondoka."

"Uingie kwa Mzee Nassor na bajaji? Unataka atucheke?"

(Sentensi hiyo naomba muishike.)

Nikaipigia simu kampuni, na lori lao likaja upesi kuliko nilivyotegemea, na nikajisikia vizuri, nikasema moyoni, hela yangu hiyo inafanya kazi. Dereva wake, mtu mzima mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akaingiza mkono garini, akasogeza kitu, akanigeukia.

"Mzee, umejaribu kuliwasha?"

"Nimejaribu."

"Vizuri?"

"Ndugu yangu, wewe ni dereva au fundi? Mkataba unasema lisiguswe."

"Haya," akasema, akalivuta juu kwa waya.

Mbele ya lori palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, akakaa shangazi na udi wake. Mie na Idrisa tukabaki ndani ya gari letu, gari letu likiwa mgongoni mwa lori. Safari nzima Idrisa alikuwa anaangalia saa. Mie nilikuwa nimeshika usukani. Sijui kwa nini nilikuwa nimeshika usukani.

Tukaingia Mbweni. Kina mama waliposikia honi wakapiga vigelegele, dufu zikapamba moto, kisha lori likakata kona na vigelegele vikaanza kupungua kimoja kimoja, mpaka akabaki bibi mmoja ambaye nadhani hakuwa anaona vizuri. Mke wangu nilimwona mlangoni pa Kosta. Alijifunika uso kwa mtandio, wote.

Mzee Nassor akatoka, akatutazama kule juu.

"Huyu bwana harusi analetwa au anarudishwa?"

Kushuka nako ilikuwa kazi. Wapishi wakaleta meza yao, watu wakanyoosha mikono juu kumpokea, Idrisa akakanyaga meza, joho na kanzu vikanasa mlangoni vikamvuka, akasimama juu ya meza ya kukatia nyama na fulana yake ya ndani mbele ya wakwe. Sheikh alishaweka mguu mmoja kwenye gari lake. Akautoa.

"Mvisheni, tuanze," akasema, na Mwenyezi Mungu amlipe, kwa sababu alianza hapohapo na ndoa ikafungwa.

Laiti ingeishia hapo. Lakini Rukia alipotoka akataka picha kwenye gari la maua, dereva wa lori akalishusha, na bibi harusi, na hina yake na dhahabu yake, akaingia upande wa usukani.

"Shemeji, lina tatizo gani?"

"Bado haijajulikana," nikamjibu. "Mpaka mafundi wa kampuni walipime."

Akazungusha ufunguo. Likawaka.

Dufu zilikuwa zimepumzika, kwa hiyo kila mtu alisikia. Rukia akaangalia gia, akaniangalia mie, akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumuumiza mgonjwa, "Ulipozima kule, uliiacha kwenye D?"

Otomatiki haiwaki ikiwa kwenye D, gia ya kwendea; mpaka iwe P, ya kuegesha, au N, iliyo huru. Hilo nalijua. Nalijua tangu shule ya udereva.

"Ilikuwa D," dereva wa lori akasema. "Mie nimeiweka N ndiyo likavutika."

"Na hukusema?" nikamuuliza.

"Ulisema lisiguswe, mzee."

Mzee Nassor hakucheka, na ningemshukuru angecheka. Alinishika bega, akanipeleka mwenyewe kwenye sahani ya pilau, akaniambia nikae kivulini.

Tangu siku hiyo nimeapa: siiti mtu, sipigi simu, sitanui mikono mbele ya boneti ya mtu yeyote kabla sijaangalia gia. Majuzi waranti ilikuwa inaisha, yule dada wa yadi akapiga kuuliza kama tunaongeza muda. Mama Nasra ndiye aliyepokea.

"Mwanangu, hiyo waranti yenu na dereva yumo?"

Sikusikia jibu, ila nilimsikia yeye akisema, "Basi haitufai."

Nami sikubisha. Nilikuwa nje naosha gari, gia iko P.