Mbio Bila Wimbo

Mafunzo ya mgambo yalipokwisha kijijini kwetu Ngenge, nilikuwa naweza kukimbia mchakamchaka kutoka shuleni nilipofundisha hadi shamba la ujamaa na kurudi bila kusimama. Nilijivuna sana. Kisha ikatangazwa kwamba wilaya inatafuta mwanamke mmoja wa mbio ndefu aende kushindana Bukoba, ndipo nikagundua kwamba kasi yangu yote ilikuwa ya wimbo. Katika mchakamchaka miguu hufuata wimbo, na wimbo hauna haraka. Basi nikaanza kukimbia peke yangu alfajiri, mdomo nimeufunga, pumzi yote nimeiachia miguu.

Mwalimu mwenzangu naye aliitaka nafasi hiyo. Alinichekea mno, na mimi mtu akinichekea mno huwa natazama mikono yake.

Njia yangu ilivuka mto, ikapita kona moja yenye migomba, nyumbani kwa shangazi wa mwalimu huyo, mjane. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama huyo amesimama katikati ya njia. Kwetu msichana hampiti mtu mzima kwa kumpungia mkono. Nikapiga magoti, nikamwita mawe, yaani mama.

"Shikamoo, mawe."

"Marahaba, mwana wange. Kwenu wameamkaje?"

"Wazima, waitu," nilijibu kwa heshima.

"Na huko ulikopita? Hakuna neno?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi, akanipisha. Miguu ilikuwa imeshapoa. Kesho yake yakawa yale yale, na keshokutwa pia, magoti na maswali. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako: mama huyu amewekwa hapa na binti wa kaka yake.

Nikabadili njia, nikapita nyuma ya kibanja chake, shamba lile la nyumbani, kwenye mibuni. Nikamkuta huko, khanga kaifunga ovyo, anahema. Nilikasirika hata magoti sikuyafikisha chini.

"Mawe, nani anakutuma unizuie?"

Alinitazama kama asiyeelewa Kiswahili changu.

"Nikuzuie nini? Mwanangu yuko vitani. Anayekimbia asubuhi, kimya, peke yake, amebeba msiba. Nikisikia miguu natoka nimuwahi, asije akaniambia nikiwa ndani peke yangu." Akafunga khanga vizuri. "Ukikimbia, imba. Nijue ni wewe."

Habari za mwanawe kwenda vitani nilikuwa nazijua, kama kijiji kizima kilivyozijua. Sikuwa nimeziunganisha na miguu yangu. Hata hivyo sikumwamini upesi. Niimbe tena? Si wimbo huo huo ndio unaonichelewesha? Niliona hiyo ni hila mpya, safari hii ya kunimaliza kabisa.

Lakini niliona haya, nikaimba. Kutoka mtoni hadi kwenye kona nilikwenda polepole na wimbo wa mgambo, naye akaitikia kutoka ndani, akikosea maneno, bila kutoka nje. Nikishaipita kona nilinyamaza na kuchomoka kwa nguvu zote. Sikujua kwamba huko kupoa na kuchomoka ndiko kulikokuwa kunanijenga. Siku ya mchujo pale Muleba mwenzangu alibaki nyuma, na safari hii hakunichekea. Nilichaguliwa mimi. Nilifurahi kwa ubaya, sifichi.

Siku chache kabla ya safari ya Bukoba, nikiwa bado mtoni, mgambo wa ofisi ya kijiji alinipita mbio. Hakunisalimu. Alikuwa peke yake, kimya, na njia ile baada ya mto haikuwa na nyumba nyingine ila ile ya kwenye kona.

Nilielewa. Nikataka nifike mbele yake, mama asiyapokee maneno yale akiwa peke yake na mgambo yule. Nikakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia kabla na baada ya hapo, nikampita mgambo kwa kukatiza kwenye mibuni, nikafika wa kwanza.

Mama alikuwa ameshatoka, amesimama njiani.

"Mwana wange," alisema kabla sijapiga magoti, "mbona leo huimbi?"