Baiskeli ya Kimo cha Noelene

Jirani yangu Noelene Tranter hakumfikia mumewe, Clarrie, hata begani. Clarrie alikuwa mtu wa baiskeli tangu ujana. Kila Jumapili walitoka pamoja mjini kwetu Wangaratta kwenda kijiji cha Milawa, mume mbele, mke nyuma akijinyoosha kuufikia usukani wa baiskeli aliyoachiwa na shemeji yake. Akirudi, vidole vimekufa ganzi na shingo haigeuki.

"Umeshachoka tena, Nolly?" Clarrie alimtania. "Hata ng'ombe wanakuzomea!"

"Tangulia, bwana mkubwa. Mwili wangu haukuumbiwa mambo haya."

Mwishowe akaacha kabisa. Clarrie akawa anakwenda peke yake, miaka mingi, mpaka kumbukumbu zilipoanza kumpotea ikabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee, ng'ambo ya mji. Jumapili hakuna basi, na Noelene hakuwahi kujifunza gari. Akaikokota ile baiskeli ya zamani mpaka duka la baiskeli.

Fundi, msichana aitwaye Tamsin, alimpima miguu, mikono na mabega, kisha akaitazama baiskeli aliyokuja nayo.

"Mama, hii ya jitu! Nani alikupandisha juu yake?"

Akamtolea nyingine: fremu fupi, magurudumu madogo, usukani wa karibu, breki ambazo vidole vyake vilizifikia bila kujikamua. Noelene akazunguka nayo nje ya duka, akarudi analia.

"Inakuumiza wapi?" Tamsin akashtuka.

"Hainiumizi popote. Hicho ndicho kinachoniliza."

Jumapili akaenda nayo kwa Clarrie, akaiegemeza barazani alipokuwa ameketi. Mzee akaipapasa kiti.

"Chombo kizuri hiki. Chako, bibie?"

"Changu."

"Mke wangu mfupi kama wewe. Zamani tulikuwa tunatoka wote." Akainamisha kichwa. "Siku moja akakataa. Sikumuuliza kwa nini. Ukimwona, mwambie nilikuwa nageuka nyuma kila kona, nikidhani atakuja."

Noelene akamshika mkono. "Nitamwambia."

Clarrie alifariki kabla zabibu za kwetu hazijavunwa. Siku moja baada ya mazishi nilimkuta Noelene getini kwake, kaishikilia baiskeli, hapandi wala haingii ndani.

"Inakufaa?" nikamuuliza.

"Inanifaa sana. Tungefika mbali, mimi na yule mwanamume..."

Nikamfungulia geti, akaisukuma hadi ndani.