Chambo cha Kuvulia Kwenye Matete

Mama muuza chambo cha plastiki alikaa karibu na meza yangu ya sabuni, soko la Mudzipela. Mwaka ule wa vita alikuwa amechoka hata kabla ya saa tatu asubuhi. Kila kisamaki cha plastiki alikibana kwanza kwa midomo apate kujua ulaini wake; vigumu alivirudisha ndani ya kopo.

Siku moja Uweka, mvuvi aliyekimbia kutoka ziwani, alimwomba chambo cha kuvulia sangara ndani ya matete.

"Njia ya Bogoro ya kushuka ziwani ilifunguka?" mama akauliza.

"Bado. Lakini batoto beko na njaa."

Mama alichagua taratibu, akatoa kimoja cheusi, laini kabisa, akaificha ncha ya ndoano ndani ya mwili wa kisamaki ili isinase majani. Alipomkabidhi, hakuuachia mkono wake.

"Ikinasa, kata uzi. Usiingie mu maji kuifungua. Batu ba bunduki beko banaangalia ile fasi ya matete."

Uweka akaitika, akaenda. Mama akaketi, akasugua macho.

"Bwana yangu aliingia mu maji," akaniambia.