Bwana Niliyekwenda Kukaa Naye Dunguni

Jambo hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu walioliona bado wapo, na wakilisimulia wao huongeza chumvi, kwa hiyo bora nijiaibishe kwa kipimo changu. Ndiyo, mimi ndiye yule mke wa dresa aliyefumaniwa juu ya dungu pale Mtunda, Rufiji, enzi za Mwingereza, mchana kweupe, mama mkwe akiwa miongoni mwa wafumaniaji. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, mimi nimekwisha zoea.

Mume wangu Barnaba alikuwa dresa wa dispensari, kazi ya kufunga vidonda na kugawa kwinini, na alipohamishwa kutoka Masasi tukajikuta ndio Wakristo peke yetu kijijini, katikati ya Waislamu waliotupokea vizuri, wakatupa kiwanja na kuku wa kuanzia. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nikajiona nimetumwa niwe taa ya mahali pale (hakuna aliyeniomba niwake). Basi padre, ambaye alipita kwetu kwa nadra akiwa juu ya lori la mizigo, safari moja akatuhubiria sebuleni kwamba Mkristo hana budi kutenga muda kila siku akae faraghani na Mungu, wawili tu, mbali na kelele. Niliposikia "mbali na kelele" nikaokoka upya.

Maana kelele nilikuwa nayo, tena ilikuwa na jina. Mama mkwe wangu alikuja kumwona mjukuu wake Damari kisha akasahau kuondoka, mwanamke mcha Mungu kabisa, aliyeweza kuliona vumbi chini ya sufuria ikiwa bado jikoni na kulitaja mbele ya wageni. Nyumba yetu vyumba viwili. Sasa niambieni, katika hamu yangu ya kuwa na Mungu, ni kiasi gani kilikuwa hamu ya kuwa mbali na yeye? Mimi wakati ule sikujiuliza, nilikuwa mtakatifu.

Mahali nilipapata upesi. Watu wa Rufiji hujenga dungu shambani, kibanda juu ya nguzo ndefu chenye ngazi ya miti, wakae humo kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na dungu la jirani yetu Mzee Salumu lilikaa tupu. Basi kila alasiri nikawa namwachia mama mkwe mtoto, naoga, najipaka mafuta, nafunga kanga safi juu ya gauni (niliona si adabu kwenda mbele za Mungu nikinuka moshi), Biblia naificha ndani ya kanga, huyo nashika njia.

Mke wa Mzee Salumu, Bi Tatu, aliniona siku ya kwanza akanyamaza, siku nyingine akaniuliza ninakwenda wapi nimependeza hivyo. Hapo ndipo nilipoharibu. Ningemwambia nakwenda kusali, angesema haya mwanangu uniombee na mimi, yakaisha, maana mtu anayesali mara tano kwa siku hawezi kushangaa mwenzake kusali mara moja. Lakini jibu hilo niliona dogo kwa mtu wa daraja langu. Nikainamisha macho kama picha za watakatifu, nikasema, "Nakwenda kukaa na Bwana, Bi Tatu. Wawili tu."

Akanitazama. Akauliza polepole, "Baba Damari anajua?"

"Hajui," nikasema, "utamu wake ni siri."

Akasema haya mwanangu, akaingia ndani, nami nikaenda zangu nikiamini nimemgusa moyo. Na kweli nilimgusa. Jamani, mimi Kiswahili nimekisema tangu utotoni, nilijua vizuri kwamba mwanamke akisemwa ana bwana, haisemwi kwamba ameongoka.

Bi Tatu hakuwa mmbeya, nisimsingizie. Alikaa na jambo lile mpaka likamshinda, akamwambia mumewe, kwa kuwa dungu ni lao na siku jambo likifumuka litatajwa jina lao. Mzee Salumu naye, mtu mzima mwenye haya, akaenda dispensari akamwita Barnaba pembeni. Laiti angesema nilivyosema mimi, Barnaba angeelewa pale pale, Mkristo mwenzangu. Lakini mzee kwa heshima yake akalipamba neno, akasema, "Mwanangu, mkeo ana mtu. Wanakutana dunguni kwangu." Barnaba akaacha mgonjwa na bandeji nusu. Wakapita nyumbani kuniulizia, mama mkwe aliposikia akamtia Damari mgongoni akafuata, anasema alikuwa anaona dalili.

Mimi huko juu joto lilikuwa limenizidi, nikavua gauni, nikabaki na kanga moja kifuani (nani angeniona?), nikafumba macho nikaanza kuomba kwa sauti, ile ya mtu aliye peke yake porini. Wao wakafika chini wakasimama kusikiliza. Walichosikia, kwa mujibu wa Bi Tatu, ambaye alikuja nyuma yao na ana kumbukumbu nzuri kupita kiasi, ni hiki: "Bwana wangu, hapa ndipo ninapopumua. Barnaba nimemchoka, anarudi hasemi neno, anakula, anakoroma, mimi kama kiti. Na huyu mama yake, nakusihi, mwondoe kwa njia ya amani, hata kwa lori la mchele."

Barnaba akaanza kupanda ngazi. Dungu la zamani lile, likatikisika lote, nguzo zikalia, nami kwa imani yangu kubwa nikajua nimejibiwa. Machozi yakanitoka. Nikanyoosha mikono nikasema, "Njoo, Bwana, njoo, nilikuwa nakungoja."

Nilipofumbua macho nikaona kichwa cha mume wangu mlangoni, kimeloa jasho.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo bwana wako."

Hata hapo ningeweza kujiokoa. Lakini nilikuwa nimetoka kutokwa machozi ya kiroho, akili haijarudi, nikamjibu kama mwanafunzi wa katekisimu, "Yuko kila mahali."

Nikamsikia Bi Tatu chini anamwambia mumewe kwa huzuni kwamba kumbe ni wengi.

Barnaba akapekua majani yaliyotandikwa sakafuni, akachungulia nyuma ya mtungi, mpaka mkono wake ukagusa Biblia. Akakaa chini. Nikamweleza kwa kigugumizi, akawaeleza wa chini, na Mzee Salumu akageuka kutazama mtoni, mabega yanatikisika. Bi Tatu alinipokea kwenye ngazi, akanifunga vizuri kanga, akaniambia kwa upole kwamba siku nyingine niseme Mungu, wao pia wanamjua.

Mama mkwe hakucheka. Lori la mchele alikuwa amelisikia vizuri. Aliondoka wiki ile ile, kwa amani, na mpaka anapanda gari hakunitazama usoni, na mimi niliyeomba jambo lile kwa machozi nikashinda siku nzima nikiona haya kufagia alipokuwa akilala.

Lakini lililonikaa si hilo. Jioni ya siku ya fumanizi Barnaba alikaa kizingitini, hakula, baadaye akasema, "Hayo ya kunyamaza na kukoroma ungeniambia mimi. Mungu angefanya nini, ashuke anigeuze ubavu?" Nilikuwa nimepanda nguzo ndefu vile kumshtaki mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Tangu siku ile nikaapa, la mume namwambia mume, la mkwe namwambia mkwe, na Mungu namwachia lililobaki. Kesho yake nikafunga mlango wa chumba, nikapiga magoti nimwambie lililobaki, nikakuta halifiki hata dakika tatu.