Mafuta ya kahawia yalivyonifanya niache dawa za presha

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya, elimu yangu darasa la saba. Naandika yaliyonipata mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Dada yangu alianguka shambani huku Mgeta milimani akivuna kabichi. Presha. Hakuamka tena.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Siku ya kuondoa matanga, wazee walinisimamisha mbele ya watoto wake watatu. "Mjomba wenu ndiye huyu. Mkilia, mlilieni yeye."

Na mimi nina presha ileile, nilikuwa nameza vidonge.

Niliapa watoto wale hawataachwa yatima mara ya pili.

Ndipo kwenye group la ukoo ikatumwa video. Kwamba mwilini kuna mafuta ya kahawia, shingoni na karibu na mabega. Baridi ikiyaamsha yanaunguza sukari na mafuta mengine, moyo na mishipa vinapata nafuu.

Nikasema, baridi si tunayo bure huku? Vidonge vya nini? Nikaviacha.

Kila alfajiri nikawa naingia kwenye kijito. Aliyewahi kuoga maji ya Mgeta anajua ninachosema. Zaituni, mpwa wangu mkubwa, alikuwa ananicheka: "Mjomba, umekosana na nani huko mtoni?"

Wiki ya tatu kisogo kikaniuma, macho yakaona ukungu. Nikakaa juu ya jiwe.

Zaituni hakucheka. "Mama naye alianza na kichwa." Akaita bodaboda, tukaenda zahanati.

Nesi alipima presha mara mbili, iko juu. Nikamweleza ukweli wote.

"Mafuta hayo yapo, mzee wangu. Wenye nayo, wataalamu wanaona wengi mioyo yao ina afadhali. Bado wanachunguza. Ila maji ya baridi ya ghafla yanabana mishipa, presha inapanda. Na wewe dawa umeacha! Ulikuwa unamfuata dada yako?"

Nikapokea vidonge upya.

Sasa nameza kila siku. Zaituni anasimama palepale: "Fungua mdomo nione." Chumvi nimepunguza, shambani naenda kwa miguu. Kama mafuta yangu ya kahawia yako macho au yamelala, sijui.

Nilichojifunza: nilisikia jambo la kweli, nikalifanya dawa kabla sijauliza.

Kama kuna mwenzangu humu ameacha vidonge kwa sababu ya video, aandike hapa bila aibu.

Ila apite zahanati kwanza. Tutamsubiri.