Namba Mbili kwenye Orodha

Nilikuwa mtu wa papara, na kazi yenyewe ilinizidishia. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, juu ya duka la vitenge, na tangu asubuhi spika za wauza kanda zilikuwa zinashindana huko chini. Miaka ile ya soko huria shule binafsi zilikuwa zinaibuka kama uyoga, na kila moja ilitaka tovuti hata kama haijapata madawati. Bosi wetu, Mhindi mzaliwa wa Upanga aliyekijua Kiswahili cha mtaani kutushinda sisi, hakukataa kazi yoyote. Mimi nilikuwa mwanamke pekee pale ndani, nikajiona natakiwa kumaliza kabla ya wote. Hata chai nilikunywa nimesimama.

Kazi ninayoikumbuka kwa uchungu ni fomu ya usajili ya shule moja ya msingi huko Upanga. Mzazi angeingia intaneti kafe, ajaze jina la mtoto, darasa na sanduku la posta, kisha afike kwenye kisanduku cha mzazi au mlezi. Akikibofya, orodha inashuka: Baba, Mama, Shangazi, Mjomba. Anachagua. Lakini kwenye databesi, ghala la kumbukumbu za kompyuta, haliingii neno, inaingia namba, na namba hiyo lazima ifungwe na neno lake. Mwenzangu wa meza ya pili aliniambia nilipatie kila neno namba yake ya kudumu, ambayo haitabadilika hata neno likihamishwa. Nikaona ananichelewesha. Nilichohifadhi mimi ni nafasi ya neno kwenye orodha, basi. Baba wa kwanza, Mama wa pili. Fomu ilifanya kazi siku hiyohiyo, nikatembea kifua mbele.

Baada ya muda mwalimu mkuu akapiga simu. Watoto wengi wanalelewa na babu na bibi zao, alisema, basi waongezwe, na orodha ipangwe kwa alfabeti ipendeze. Ilikuwa kazi ya dakika tano: Baba, Babu, Bibi, Mama, Mjomba, Shangazi. Sikuwafikiria kabisa wale waliokwisha kuchagua. Kila mama aliyekuwa namba mbili akawa babu, na mashangazi, waliokuwa namba tatu, wakazeeka ghafla wakawa bibi. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Iliendelea kuchapa barua za shule kwa adabu zote.

Jumatano moja mwanamke alipanda ngazi zetu akihema, mkononi ana fotokopi ya barua aliyopewa shuleni. Alikuwa mjane, anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na binti yake pekee alikuwa darasa la pili katika shule ile. Barua iliandikwa kwa Babu wa mwanafunzi, ikimtambua kama mlezi. Mjane hakuwa na sanduku la posta, alitumia la baba mkwe wake, kwa hiyo barua ilimfikia mzee moja kwa moja. Mzee alikuwa anafunga duka lake la Ilala arudi kwao Tanga, na baada ya kuipata barua alikwenda shuleni kuomba uhamisho wa mjukuu. Karatasi zingetolewa Ijumaa.

"Nilichagua Mama," alisema. "Nilibonyeza kwa kidole changu hiki. Sasa nani kanibadilisha, mdogo wangu?"

Nikafungua databesi mbele yake. Namba mbili.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ijumaa nitakuja shuleni niseme."

Alipoondoka, bosi akanivuta pembeni. "Sista, rekebisha kimyakimya tu," alisema. "Ukienda kusema tumekosea, kesho hatupati shule hata moja." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu. Na kimyakimya yenyewe haikuwezekana. Tangu nibadilishe orodha, mababu wa kweli nao walikuwa wamejisajili, na wao pia walipewa namba mbili. Tarehe za usajili sikuzihifadhi. Mama niliyemgeuza na babu halisi walikuwa na namba ileile, na hapakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Alhamisi sikukalika. Nilishuka ngazi nikapanda, nikazunguka kutoka Narung'ombe hadi Msimbazi bila kununua hata sindano. Nilimkasirikia mwalimu mkuu na alfabeti yake, nikamkasirikia mwenzangu kwa kuwa alisema kweli, nikamkasirikia hata yule mjane kwa kukosa sanduku lake mwenyewe. Hasira zilipoisha ikabaki aibu. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaisaini, na bosi sikumwambia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Upanga kwa miguu, mwendo wa haraka. Ofisini kwa mwalimu mkuu nilimkuta mjane na mzee, wameacha viti viwili katikati yao. Mzee alikuwa na kanzu na kofia, tayari kwenda msikitini.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu bila kuniangalia.

Nikaisoma barua yangu kwa sauti: mama alichagua Mama, na kosa la kumwandika mzee ni langu. Mwalimu mkuu akazichukua karatasi za uhamisho akazirudisha kwenye faili. Akaniuliza wako wangapi wengine. Nikasema sijui, itabidi niwaulize wazazi mmoja mmoja. Akasema nianze Jumatatu.

Nilitegemea mzee afoke. Badala yake alimgeukia mkwewe.

"Kwa hiyo hukuniandika wewe."

"Hapana, baba."

"Mimi nilijua umeniandika. Tangu tumzike marehemu hatuongei vizuri, mimi na wewe. Barua ilipokuja nikasema, ameshindwa kunitamkia, kaona aandike."

Akaitoa barua ya shule mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani. Mjane alijifunika uso kwa mtandio. Nilitamani kutoka nje nikimbie.

Ndipo mzee aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani haiwezekani kutuandika wote wawili, mwanangu?"

Mjane akainua uso. Naye alikuwa anasubiri jibu.

"Fomu inachukua mmoja tu, babu," nikasema.

Nilisema hivyo kana kwamba fomu ile imeshushwa kutoka mbinguni. Niliitengeneza mimi, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mtoto anaweza kuwa wa watu wawili.