Kokwet Iliyomhukumu Mpishi wa Kitabuni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia akilini nikiwa shambani, mkono huacha kuchuna chai wenyewe. Siku hiyo watu wazima wenye akili timamu, majirani zangu, walimtia hatiani mtu ambaye hakutenda lolote. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, ukweli naujua, na mdomo wangu umefungwa na kanuni niliyoitunga mwenyewe. Usishtuke bado. Mtu mwenyewe alikuwa wa kitabuni, mpishi katika riwaya ya upelelezi. Ya kushtusha yalikuja baada yake.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinipigia simu ukanicheka. Ulisema hadithi uliziacha Form Four pamoja na sare, kwamba mtu mwenye kazi na watoto hana nafasi ya kusoma mambo ya kubuni. Ukauliza kwa nini gogo mzima, bibi kama mimi, ananunua riwaya badala ya kununua viatu. Ningeweza kukujibu kwa hoja, lakini nakujua, ungebishana mpaka salio liishe. Kwa hiyo pokea kisa.

Si miaka mingi iliyopita. Nilikuwa ndio nimestaafu unesi, na nilijiona kijana, maana katika kundi letu la wasomaji asiyetembea na fimbo ni kijana. Tulikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha Sunday school, huku kwetu juu ya Roret. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, na kitabu kimoja. Vitabu nilikuwa naviteua mimi kule Kericho mjini, na nilitaka vipya, vilivyoandikwa miaka hii hii na watu wanaotujua. Mimi ndiye niliyesoma kwa sauti, wengine wakisikiliza.

Tulianza na riwaya za kihistoria. Ile ya kwanza ilihusu jamii iliyohamishwa kutoka mlimani kwao ili chai ya wageni ipandwe, na msimulizi wake ni msichana mdogo aliyebebeshwa kigoda cha bibi yake. Mwanangu, nilipofika katikati, Gogo Taprandich, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na hajui kusoma hata jina lake, aliinuka akaenda dirishani. Akanyoosha kidole akatuonyesha mlima alikozaliwa mama yake, sasa chai tupu mpaka upeo. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekaa pale na hawakuwahi kulisikia hilo. Historia waliyosomea mtihani walikuwa wameisahau yote, ila ile ya riwaya iliwatoa machozi.

Wanaume walikuja tulipoingia kwenye riwaya za upelelezi. Maiti ikitokea ukurasa wa tatu, mwanamume hakosi tena Jumapili. Ndipo nikatunga ile kanuni. Sura ya mwisho naibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, asichungulie mtu. Kabla ya kuifungua, tunakaa kama kokwet, ule mkutano wetu wa majirani wa kuamua mambo ya kijiji. Kila mtu anasema muuaji ni nani na kwa nini. Mimi niliyekwisha kusoma nanyamaza kama kaburi. Tulicheka sana katika hizo kokwet, nisikufiche.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Shiru. Mumewe, Baba Shiru, alikuwa na mashine ya posho pale senta. Wazazi wa mume huyo walitoka upande wa kati wa nchi, si Wakipsigis kama sisi, wakanunua ploti hapa kabla mimi sijaolewa, na yeye alizaliwa hapa hapa. Kikipsigis chake, lugha yetu, kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Halafu ng'ombe watatu wa jirani yetu Arap Sigei wakafa siku moja, wote wamekula pumba iliyotoka kwenye mashine ile. Majirani wakakutana. Hakuna aliyesema neno la kufukuza mtu, la. Ila kuanzia hapo hakuna aliyepeleka mahindi kwa Baba Shiru. Tulimchangia Arap Sigei tukamnunulia mtamba wa maziwa, na mahindi yetu tukayapeleka Kapkatet, mimi nikiwemo. Mashine ikanyamaza wiki baada ya wiki. Mama Shiru hakuacha kuja kwenye kusoma, lakini alikaa karibu na mlango, na benchi lake halikuwa na mtu wa pili.

Jumapili ninayokuambia, kitabu kilikuwa *Damu Kitaluni*. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa kipya na jalada lake lina majani ya chai, basi, sina sababu nyingine. Ni riwaya ya upelelezi na ya kihistoria kwa pamoja, ya zamani zile baba zetu walipoanza kuruhusiwa kupanda chai yao wenyewe. Mzee wa kijiji anakutwa amekufa katikati ya miche. Yuko ndugu yake anayetaka shamba, yuko mke, na yuko mpishi, mtu aliyetoka mbali, asiyesema na watu sana. Nikasoma mpaka kwenye vibanio. Nikafunga kitabu, kokwet ikaanza.

Mwalimu Bett, aliyekuwa hedimasta na bado anasimama kana kwamba yuko asembli, alitangulia.

"Hii maneno iko wazi," alisema. "Mtu ametoka mbali, hana shamba ya babake hapa, hana ng'ombe. Na kisu ya jikoni inakaa na nani?"

"Kweli," wakaitikia.

"Halafu, kwa nini amenyamaza? Mtu hana makosa si angejitetea?"

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia. Mwalimu Bett alikuwa amesema hayo ya mtu wa mbali na ya kunyamaza, neno kwa neno, siku tuliyokutana kuhusu ng'ombe wa Arap Sigei. Nikatazama mlangoni. Mama Shiru alikuwa anaangalia mikono yake. Nikawatazama wengine nikidhani kuna atakayeshtuka kama mimi. Hakuna. Walikuwa wanamega viazi na kuinua mikono, mmoja mmoja, mpishi, mpishi, mpishi. Husemwa penye wengi pana Mungu. Mimi siku ile niliwaona wengi, na nikaogopa.

Gogo Taprandich peke yake ndiye hakuinua mkono. "Mimi sijasikia huyo mpishi akiongea," alisema. "Nangoja aongee." Wakamcheka, wakasema gogo alilala sura ya tano.

Nikatoa vibanio. Nikasoma. Katika sura ile ya mwisho, karani mmoja anaingia jikoni, anakaa chini, anamuuliza mpishi aliona nini. Mpishi anajibu papo hapo kwamba alimwona ndugu wa marehemu akiosha panga mtoni. Karani anashangaa, mbona hukusema siku zote hizi? Mpishi anamjibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu Bett alicheka kwanza. "Aii, mwandishi ametucheza!" Kisha macho yake yakaangukia mlangoni, alipokaa Mama Shiru. Alinigeukia uso umebadilika.

"Mama Cheptoo, wewe ulileta hii kitabu makusudi?"

"Haki ya Mungu, Mwalimu, sikufikiria ya kwetu."

"Unataka kutuchapa na kitabu?"

Kabla sijajibu, Gogo Taprandich aligonga fimbo sakafuni. Mwanangu, mama yule alikuwa mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa kuku.

"Kitabu haijachapa mtu," alisema. "Mimi nimeona kokwet ya baba yangu. Mtu akishtakiwa, alikuwa anakalishwa hapa mbele, anapewa pombe kidogo aondoe woga, anaulizwa. Hata kama ni mwizi ya kujulikana. Nyinyi mmesoma, na mmehukumu mtu akiwa kwake anasaga mahindi. Sasa mimi mzee sijui kitu, nauliza. Hiyo ng'ombe ilikufa, nani aliuliza daktari ya ng'ombe?"

Nilimtazama Arap Sigei, na nilichokiona usoni mwake nilikuwa nimekiona mara nyingi wodini, kwa mtu anayejua majibu kabla ya daktari kufungua mdomo. Alisimama kofia mkononi.

"Daktari alikuja," alisema. "Alisema ni dawa ya kupe. Ilimwagika kwa birika ya maji ya ng'ombe. Ni mimi niliacha mtungi wazi."

"Lini alikuambia hivyo?" aliuliza Mwalimu Bett, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Siku ya pili. Lakini mlikuwa mmeshaamua. Mkaninunulia mtamba. Ningesema nini, Mwalimu? Niseme rudisheni?" Kisha akaongeza, "Na hakuna mtu aliniuliza."

Nikakaa. Nimeshika watu wakikata roho, nimezalisha kwenye giza, nikadhani hakuna tena la kunishtua duniani. Siku ile nilijua sijaona kitu. Kijiji kizima tulikuwa tumeitafuna riziki ya mtu, na jibu lilikuwa linalala nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkosaji wa kitabuni nilimjua. Huyu wa kwetu sikumwona, nikimpa mkono kila Jumapili.

Mama Shiru aliinuka. Nilingoja alie, au atutukane, na angetutukana ningesema amina. Alikuja mpaka mezani pangu.

"Niazime hicho kitabu," aliniambia. "Nataka nisomee Baba Shiru hiyo mwisho. Leo ndio tunamaliza kufunga vitu."

"Kufunga vitu? Mnaenda wapi?"

"Molo. Kesho mchana."

Hakuna aliyejua. Tungejuaje, na hakuna mtu aliyekuwa akipita kwake?

Kesho yake asubuhi tulikwenda. Hatukupatana kwenda, kila mtu alitoka kwake akawakuta wengine njiani, na kila mtu amebeba mahindi. Mwalimu Bett alikuwa na gunia begani, yeye ambaye hubebewa hata mwavuli. Arap Sigei alikuja nyuma akimvuta yule mtamba. Tulifika kwenye mashine tukakuta mlango wazi. Ndani hamkuwa na mashine. Kulikuwa na bolti sakafuni, na unga mkuukuu kwenye kuta.

Baba Shiru alitupokea kwa heshima, akatusikiliza mpaka wa mwisho. Arap Sigei alipomnyooshea kamba ya mtamba, aliirudisha.

"Hiyo ng'ombe mlinunua pamoja, mtajua wenyewe," alisema. "Mimi nimewasamehe, na sio ya mdomo. Lakini mashine niliuza, ilibebwa Jumamosi, na watoto wameshapata shule."

Halafu akageuka akatuuliza kwa Kikipsigis, kile chake safi, "Miezi hii yote, kweli hakuna hata mmoja angekuja kuniuliza?"

Tulirudi na mahindi yetu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na hayo niliyabeba kichwani mpaka nyumbani.

Sasa nisikilize, wewe unayesema hadithi ni za watoto. Mtoto hahukumu mtu. Ni sisi wakubwa tunaokaa kwenye mikutano, tunaochagua nani anunuliwe kwake na nani aachwe, na ni sisi tunaohitaji mahali pa kukosea bila mtu kuhama. Mahali hapo ni riwaya. Nenda dukani uulize zilizotoka karibuni. Chukua ya kihistoria kwanza, ujue ardhi unayoikanyaga ilimtoa nani machozi, maana mengine wazazi wako hatukukuambia na hatutakuambia mpaka kitabu kitulazimishe. Kisha chukua ya upelelezi. Isome taratibu, ukifika karibu na mwisho simama, utaje muuaji wako kwa sauti. Ukikosea, usicheke ukapita kama Mwalimu Bett. Jiulize kwa nini ulimchagua yule. Kwa sababu alifanya nini, au kwa sababu alitoka wapi? Jibu lako litakushtua, nakuambia mapema. Afadhali likushtue ukiwa kitandani na kitabu kuliko mlangoni pa mtu umebeba gunia. Kuuliza si ujinga, na majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo mimi nimemlea.

Mungu akuachie macho ya kusoma mpaka nywele ziwe nyeupe. Akupe jirani atakayekuja kukuuliza kabla hajaamua, na akuamshe wewe asubuhi na mapema uwe wa kwanza kwenda kwake.